Leo Faustin Amekubali Kuwa Serikali

Alhamisi, Gisenyi. Mvua haijakatika tangu asubuhi, ziwa limefichwa na ukungu, na mimi nina furaha mbaya.

Nasema mbaya kwa sababu naijua. Ni ile furaha ya kumwona mtu aliyekuumiza akihangaika kutafuta maneno.

Mtu huyo ni Faustin, msimamizi wa kampuni iliyopewa kazi ya kuendesha soko letu, ninaposhonea nguo, karibu na Petite Barrière, mpaka wa kuvukia Goma. Walinzi wake wanakusanya ushuru, wanaamua nani akae wapi, wanakamata bidhaa. Mwaka jana walimkamata wifi yangu Zawadi akiuza sambaza nje ya geti. Kuchukua beseni la samaki hakukuwatosha. Walimfungia stoo.

Alikuwa ananyonyesha.

Nilimbeba mtoto wake hadi sokoni nikidhani wakimwona watafungua. Mtoto analia nje, mama analia ndani, katikati mlango wa bati. Faustin amekaa kwenye kiti cha plastiki, anakunywa soda. Nilimpigia magoti. Ndiyo, magoti, kwenye matope, mbele ya wateja wangu.

Akanitazama. "Hapa leta njo mimi," akasema. "Enda ushitaki fasi unataka."

Leta, yaani serikali. Serikali ni yeye.

Zawadi walimtoa jioni, blauzi imelowa maziwa kifua kizima.

Tangu hapo nimelala na kuamka na jina la Faustin. Nilifikiria jiwe. Nilifikiria binamu zangu wa Goma, ambao hawaulizi maswali mengi. Mwishowe nikamfikiria Wakili Odile, ninayemshonea nguo.

"Watasema wao ni kampuni binafsi, na haki za kwenye katiba ni za kuidai serikali," aliniambia. "Sisi tutauliza: hiyo kazi wanamfanyia nani? Nguvu ya kukamata watu wameitoa wapi?"

Leo mahakamani ikawa hivyo hivyo. Wakili wa kampuni alisimama na tai yake nzuri akasema mteja wake ni mfanyabiashara tu, kama mwenye duka.

Jaji akamgeukia Faustin. Mwenye duka, akasema, hana ruhusa ya kumfungia mtu. Akifanya hivyo ni mhalifu. Sasa wewe ulimfungia mama huyu kwa ruhusa ya nani?

Niliona jasho likimtoka. Akisema yake mwenyewe, ni jela. Akisema ya serikali, hoja ya wakili wake imeanguka.

"Ya leta, muheshimiwa," akasema. "Leta njo ilitupatia ile kazi."

Wakili wake akafumba macho.

Jaji akaamua: katika kazi ile, kampuni ni mkono wa serikali. Itajibu kuhusu uhuru na utu wa Zawadi kama serikali yenyewe ingejibu. Kesi inaendelea.

Nilitaka kupiga vigelegele. Odile akanibana mkono.

Nje, chini ya paa, Faustin alitufuata. Sauti imelainika kabisa. "Dada Zawadi, bon, tuko majirani. Tuyamalize."

Zawadi hakumwangalia. "Utayamaliza mule ndani," akasema. "Useme mbele ya watu vile mutoto alikuwa analia na ukakunywa soda yako."

Faustin akabaki amesimama. Mimi nilimtazama mpaka akainamisha kichwa, halafu nikaendelea kumtazama.

Tulipokuwa tunashuka kwenda nyumbani Zawadi akaniuliza, "Wifi, na wakimufunga kweli, we utafurahia?"

Nilijibu ndiyo, haraka mno.

Nimekaa hapa na cherehani yangu nikijiuliza swali lake upya, taratibu, kwa uaminifu wote nilio nao, nikitumaini nitapata jibu la mtu mwema.

Bado ni ndiyo.