Malkia Alipofukia Miguu ya Mfalme

Jumapili, baada ya sala ya jioni.

Atukuzwe Mungu aliyenihifadhia macho hata nikaliona jambo hili.

Leo imeonyeshwa kwenye televisheni ile tamthilia ya mfalme wa kale iliyopigwa picha hapa kijijini kwetu Maguu. Mwongozaji, aliyeniomba nimshauri juu ya mambo ya kale, alitaka mfalme na malkia wagombane katika shamba la matuta yaliyonyooka. Nilikataa. Wazee wetu walilima ngolo, yale mashimo yenye kingo za majani yaliyofukiwa.

"Mzee wangu, watazamaji wanataka mapenzi na ugomvi," aliniambia kwa adabu. "Kilimo kitawalaza."

"Basi wagombane ndani ya ngolo," nilimjibu. "Mwanamume hupanga majani, mwanamke huyafukia kwa udongo. Mwenye hasira atajua la kufanya na jembe."

Alicheka, akaondoka bila kuahidi kitu. Tangu hapo niliogopa kwamba wajukuu wangu wangeamini matuta yale kuliko maneno yangu.

Jioni hii mfalme aliinama ndani ya ngolo kupanga majani huku akimsema mkewe. Malkia alivuta udongo, akafukia majani pamoja na miguu ya mfalme. Sebule nzima ikaangua kicheko.

"Babu, kumbe ngolo zetu ni za kifalme!" alisema Skola, mjukuu wangu ambaye huenda shambani amenuna. "Kesho nafukia mimi. Kaka apange majani, na achunge miguu yake!"

Ee Bwana, umbariki mwongozaji yule, na kila atakayesoma haya pamoja na nyumba yake. Na kesho, uilinde miguu ya kaka yake Skola.