Shaba Haikufuata Uhunzi Wetu

Gerejini, Mchafukoge,
Dar es Salaam.

Kwa kaka yangu Aminieli,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta unavukuta mivukuto, macho mekundu kama kawaida yako. Mgongo wa baba unaendeleaje? Na mama, bado anauliza kama nakula? Mwambie nakula, na mashavu yameongezeka. Mimi ni mzima wa mwili. Kichwa ndicho kimevurugika, na wa kunisaidia ni wewe, maana wewe ni mhunzi na mimi siku hizi ni fundi wa magari. Usicheke, soma kwanza.

Ulisema kabla kahawa haijaiva nitakuwa nimerudi kukushikia koleo. Kidogo iwe kweli.

Ijumaa lililetwa lori la muuza mchele mmoja wa Kariakoo, kesho yake liende Morogoro. Oili ya breki ilikuwa inavuja pale mpira unapoungana na gurudumu la mbele, tairi lote limelowa. Mkubwa wangu wa kazi, Fundi Mbwana, alikuwa anaelekea msikitini. Akaniita mimi, si wale vijana wengine, akasema nilifunge breki peke yangu. Nikiweza nitabaki nishike spana, nikiharibu nirudi kwetu. Akaagiza nifungue bolti, nitoe zile washa mbili za shaba, vipete vinavyobana mpira, nizichome kwenye makaa ya muuza kahawa aliye mlangoni mpaka ziwe nyekundu, nizitumbukize majini, halafu nizirudishe.

Sasa kaka, mimi mtoto wa nani? Chuma ukikichoma ukakitia majini kinakuwa kigumu, hilo nalijua tangu sijaanza kuvaa suruali. Nikaona huyu mzee ananipima akili. Nikazifuta washa kwa kitambaa, nikazirudisha vile vile, nikakaza. Ikavuja. Nikakaza mpaka shingo ikauma. Ikavuja zaidi. Hapo nikapotewa kabisa: kitu nakibana, chenyewe kinatema! Shomari, dereva wa lori, alikuwa juu anakanyaga pedeli huku ananichungulia.

"Wewe Mchagga," akasema, "hapo hukamui pombe ya mbege."

Fundi aliporudi na kanzu yake nyeupe alitazama tu, hata hakuinama sana.

"Hizi zimeona moto?"

"Hazijaona, Fundi."

"Nani kakukataza?"

Nikamweleza habari zako na za baba, na chuma, na maji. Nilidhani atanizaba kofi. Badala yake akaokota washa moja kuukuu, akaichoma, akaitia majini, akanipa niikunje. Ikakunjika kama ganda la ndizi. Akachukua kipande cha msumeno, makaa yale yale, maji yale yale. Hicho kilikatika pwaa mkononi mwangu. Akaniambia shaba ikilainika hujaza mikwaruzo yote, oili ikakosa pa kupita. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, wala sikuelewa. Nikachoma washa zangu, nikazifunga, tukatoa hewa kwenye breki.

Sasa hapa gerejini kuna desturi: aliyefunga breki ndiye hukaa mbele na dereva wakati wa kujaribu. Nikapanda. Tulipokaribia Mnazi Mmoja, Shomari akaongeza mwendo makusudi, ananitazama mimi badala ya njia. Nikaanza Baba Yetu kwa Kiswahili, nikamalizia kwa Kichagga. Akakanyaga. Lori likasimama, paji langu likagonga kioo.

Tuliporudi Fundi alipitisha kidole pale kwenye mpira. Kikavu. Hakunisifu. Alisema, "Jumatatu linakuja basi. Utafunga breki za nyuma, na utakaa mbele."

Kwa hiyo kahawa vuna mwenyewe, kaka. Ila nisaidie: choma kipande cha shaba hapo kwenu, kitie majini, uone. Kikilainika, muulize baba kwa nini moto mmoja una akili mbili, maana mimi nimewaza mpaka nimeacha. Nimefunga nisichokielewa, na kinashika, na Jumatatu nitakaa mbele tena.

Nisalimie bibi, na bangili zake za shaba usiziguse. Nisalimie shemeji, mvumilivu wa moshi wako, na mwalimu wa kanisani aliyesema mkono wangu unafaa kupiga kengele tu. Mama usimwambie habari za kioo.

Ni mimi mdogo wako, fundi wa breki za mbele,

Nderingo