Vigae vya Chumba cha Nyuma

4 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko kazini. Sisi huku tu wazima, ila pua zetu ndizo zinaumwa.

Bomba la maji machafu limeziba. Nikimwaga maji kwenye sinki la jikoni, yanaibukia bafuni, pale pale ninapomwogeshea mtoto, meusi, na punje za wali juu. Jana nilimkalisha kwenye beseni, yakaja yakamzunguka kama kisiwa. Yeye akapiga makofi. Mimi nikalia.

Nimemwaga maji ya moto. Nimemwaga magadi na siki. Nimesukuma kwa kile kikombe cha mpira chenye mti mpaka mikono ikafa ganzi. Maji yanashuka kidogo, yananikejeli, yanarudi.

Kaka, wewe ni fundi bomba, na nyumba hii unaijua kama kiganja chako. Tulipokuwa wadogo palikuwa na chemba uwanjani, lile shimo la kuzibulia bomba, yenye mfuniko wa chuma. Baba akaugeuza uwanja kuwa chumba cha nyuma, na niliporudi kutoka kwa mume nikakuta vigae vitupu. Nakuomba kitu kimoja tu: chemba iko chini ya kigae kipi?

Mtoto anakusalimu. Ana meno manne sasa, na anayatumia.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi sijambo, mgongo tu na kazi nyingi.

Mabomba hayazibi yenyewe, huzibwa na watu. Baba alikaa humo miaka thelathini bila tatizo. Wewe umeingia na nepi, na uji, na mafuta ya kukaangia, mwaka haujaisha maji yanarudi. Nimeyaona hayo kwenye nyumba mia. Sikulaumu, ndivyo mlivyo mama wa watoto wachanga.

Nyumba imezeeka. Nimezungumza na shangazi kwa simu. Unajua baba alimwachia yeye hati, neno la mwisho ni lake. Anasema kama huwezi kuitunza bora iuzwe kabla haijaoza yote. Kuna mtu anataka kiwanja. Anza kutafuta chumba cha kupanga.

Nibusie mtoto.

Kaka yako

2 Aprili

Kaka,

Shikamoo naitoa kwa kuwa mama alinifundisha kuitoa. Hali zetu ungeuliza, ungejibiwa.

Nilikuuliza kigae, ukanijibu mnunuzi.

Sasa nisikilize. Nepi za mwanangu ni za kitambaa, nazifua kwenye ndoo na maji namwaga nje. Mafuta gani ya kukaangia, kaka? Kuna siku natafuta hata ya kumpaka mtoto. Na uji haubaki, mwanangu analamba mpaka bakuli.

Shangazi amepita hapa na leso puani. Alisimama mlangoni, hakuingia. Akasema, "Binti wa kaka yangu, usafi hauuzwi dukani." Mbele ya jirani. Mimi ninayepiga deki nyumba hii mara tatu kwa siku mpaka kucha zimelika. Neno hilo limetoka kwako, limepitia kwa shangazi, limenifikia mimi.

Nimemleta fundi wa mtaa wa pili, yule wanayemwita Kobe kwa jinsi anavyotembea. Ameingiza waya wa springi kutoka jikoni, umekwenda ukagota. Ameingiza kutoka bafuni, ukagota kwenye usawa ule ule. Akakaa chini. "Mama, nyumba haikosi chemba, kama mtu asivyokosa kitovu. Nani alitandika vigae hivi?"

"Kaka yangu."

"Ana kazi gani?"

Nikamwambia. Akaomba maji ya kunywa.

Kigae kipi?

Mdogo wako

28 Aprili

Kaka,

Hukujibu. Basi salamu sina.

Nilichukua mchi, nikapiga magoti, mtoto mgongoni, nikagonga kigae kimoja kimoja nikisikiliza. Vyote vilijibu ko, ko. Vinne vya chini ya dirisha, palipokuwa na kitanda cha baba, vikalia kama debe tupu. Nikavivunja. Sikungoja mtu.

Chini kuna mfuniko. Chini ya mfuniko, ndani ya mfereji, tumekuta donge la saruji refu kama mkono wangu, limeganda kwa umbo la mfereji wenyewe. Pembeni pamebaki kijipenyo, nacho mwaka hadi mwaka kimejaa utando. Kobe amelivunja kwa tindo tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Ndani yake kimenasa kipande cha kigae, cheupe chenye mstari wa buluu. Unavijua. Ulivichagua mwenyewe.

Si nepi. Si uji. Ulidondosha saruji, ukaiacha igande, ukaifunika, ukaenda zako, na jina la mchafu nikapewa mimi. Ulikuwa radhi kunitoa na mtoto kwenye nyumba ya baba ili mtu asione kazi yako mbovu. Fundi mzima.

Mdogo wako, kwa bahati mbaya

20 Mei

Mdogo wangu,

Sijui nianze na salamu gani. Pole.

Baba ndiye aliyeniomba. Hakuweza kuinuka tena, wageni wanakuja kumjulia hali, na harufu ya chemba inapanda ubavuni mwa kitanda. Akaniambia, "Nifunikie shimo hilo, watu wanadhani ni mimi." Tukamhamishia sebuleni siku mbili, nikafanya haraka haraka. Saruji ilidondoka ndani kabla sijarudisha mfuniko. Niliiona. Nikajiambia nitafungua akipata nafuu. Hakupata, na mimi sikuweza kuvunja mahali alipokuwa amelala.

Ulipoandika nikaona aibu. Nikafikiri, mtu wa kiwanja ataibomoa nyumba, na hakuna atakayeinua kigae.

Nimemwandikia shangazi, barua yake nimeiweka humu. Isome kwanza. Ukiridhika, mpelekee.

Kaka yako

4 Juni

Kaka,

Shikamoo. Tu wazima.

Habari ya baba imeniliza. Ungeniambia mapema tungelia wawili. Lakini hasira yangu usidhani imeondoka na machozi, iko pale pale.

Nakurudishia barua ya shangazi. Umemwandikia kwamba "bomba lilipata hitilafu wakati wa ukarabati". Bomba halikupata hitilafu, kaka. Bomba lilikupata wewe. Tena hukusema iuzwe wala isiuzwe, na shangazi anamleta mnunuzi mwisho wa mwezi. Andika upya, kwa maneno ambayo hata mimi niliyeacha shule mapema sitahitaji kumuuliza mtu maana yake.

Mtoto ameoga mara mbili leo. Hakuwa mchafu. Ni vile maji yanakwenda tu.

Mdogo wako

16 Juni

Mdogo wangu, mpelekee hii.

Shangazi,

Shikamoo. Naomba uwe mzima.

Aliyeziba bomba ni mimi. Nililiziba kwa saruji, nikaficha kwa vigae, kisha nikamsingizia mdogo wangu. Yeye ndiye aliyelizibua, akiwa na mtoto mgongoni. Nyumba si mbovu. Nakuomba isiuzwe, akae yeye na mwanawe. Yule mtu wa kiwanja nimempigia mwenyewe leo, nimemwambia asije.

Ukitaka kugomba, gomba na mimi.

Mtoto wa kaka yako