Daftari Ndani ya Gunia la Unga

Mshauri mpendwa, nakuomba msaada, na tafadhali usinicheke kabla hujamaliza kusoma.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu hapa Sefrou, nina mwaka wa pili kwenye ndoa, tunaishi na mama mkwe wangu Lalla Zhor, ambaye biskuti zake za lozi zinajulikana mtaa mzima, na humo humo yupo Hiba, binti wa shemeji yangu, ambaye pia ni mwanafunzi wangu. Jumatatu niliwapa watoto hesabu ya ishirini gawa kwa nne, wachore sahani na biskuti, wote wakachora sahani nne zenye biskuti tano tano kama nilivyowafundisha, ila Hiba akachora sahani tano zenye biskuti nne nne, nami nikamwekea kosa jekundu ukurasa mzima na kuandika, "Sahani ni nne!"

Basi Jumatano wakaja wageni, mimi niko jikoni, Lalla Zhor akaniita kutoka sebuleni, "Mwalimu, zile ishirini zigawe kwa nne utuletee," nikapanga sahani nne, tano tano, nikatoka nazo kwa maringo, kumbe wageni ni watano, na aliyebaki mikono mitupu ni shangazi Tamou, ambaye tangu mwanzo hakutaka niolewe humu. Lalla Zhor akasema, "Mwanangu, sahani yangu ni nne nne tangu hujazaliwa. Hata Hiba anajua." Hiba naye, mdomo hauna breki, akasema, "Lakini bibi, mimi nilichora hivyo hivyo, mwalimu akanipa kosa." Shangazi Tamou alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. Bibi akamwambia mtoto, "Wageni wakiondoka niletee hilo daftari nilione."

Mshauri, aibu ilinishika, nikalichomoa daftari kwenye mkoba wa Hiba, nikalifunga kwenye mfuko na kulizika ndani ya gunia la unga, chini kabisa. Sasa mtoto anaitwa mzembe, baba yake amemgombeza, na jana darasani nilimuuliza mbele ya wenzake, "Hiba, daftari lako liko wapi?" akalia, nami nikaendelea na somo. Nashukuru tu kwamba Lalla Zhor, ambaye zamani hakuniruhusu hata kugusa gunia lake, tangu Alhamisi ananituma mimi peke yangu nikachote unga, kwa hiyo siri iko salama. Ila unga unapungua. Nilichome, au nimnunulie jipya yaishe?

Mwalimu wa Sefrou

JIBU

Mwalimu, nimekucheka, samahani. Nilipofika kwa mtoto anayelia nikaacha.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo iliyokuponza. Ishirini gawa kwa nne ina maswali mawili ndani yake. Moja: nina watu wanne, kila mmoja atapata ngapi? Jingine: nikipanga nne nne, nitajaza sahani ngapi? Yote yanakupa tano, lakini tano ya kwanza ni biskuti na ya pili ni sahani, na shangazi Tamou alikosa sahani. Wewe ulifundisha swali moja ukadhani jingine halipo. Hiba amekulia jikoni kwa bibi yake, analiona hilo jingine kila siku. Hakukosea. Aliyekosea ana kalamu nyekundu.

Kukosea hesabu kunasameheka, hata mimi nimekosea mengi kwenye safu hii. Lakini kumuuliza mtoto mbele ya darasa daftari liko wapi, na wewe ndiye uliyelificha? Hapo ndipo ungeona aibu, mwenzangu, si kwenye biskuti. Huchomi kitu wala hununui kitu.

Leo, wakati wa chai ya nanaa, baba yake Hiba akiwepo, litoe daftari ulikung'ute. Lile kosa usilifute. Andika chini yake kwa wino uleule, "Hiba yuko sahihi, mwalimu amekosea," kisha umwombe radhi wote wakisikia. Jumatatu mwite ubaoni achore sahani zake tano, wenzake wajifunze. Na siku nyingine ukitumwa kugawa, uliza kwanza, "Mama, kwa wanne au nne nne?"

Ama kuhusu siri yako, usijisumbue kutafuta namna ya kumwambia Lalla Zhor. Mwanamke aliyelinda gunia lake miaka yote, ghafla anakutuma wewe peke yako ukachote, kila siku? Daftari alilipata Alhamisi asubuhi. Anangoja ulitoe mwenyewe.