Athmani na kamera ya uani kwangu

Jumatano usiku

Kumbe ni Athmani, jirani! Ndiye aliyewatangazia watu msikitini kuwa mimi hukuna nazi nimejifunga kanga ya mke wangu.

Mwanaisha, binti wa dada yangu, anafanya utafiti wa usalama wa mitandao chuoni. Leo kaikagua intaneti yangu, akacheka. "Mjomba, neno la siri umelibandika barazani! Aliyenalo aiona hata kamera ya uani. Na simu ya Athmani imo humu."

Nililibandika kwa ukarimu. Sisi watu wa Jomvu Kuu mgeni hatumngoji aombe. Na mimi ndiye wa kwanza mtaa huu kuvuta intaneti, wallahi, leo nichekwe na mdoezi!

Nikangoja. Baada ya isha nikamsikia ukutani akiwasalimu kwa video wakwe wa Maskati, wanaomposa bintiye. Nikamwambia Mwanaisha, "Badilisha!"

Athmani akaja mbio mlangoni. "Ndugu yangu, wakwe wamepotea! Nipe neno jipya."

"Litafute kwenye kamera!"

Bintiye hana kosa, najua, na posa ikivunjika itaniuma. Lakini Athmani bado anagonga, nami bado naandika.