Umekosa, Mama

Mwanangu Rukia,

Natumai baridi ya Iringa inakuhurumia na lile sweta la shangazi yako linakutosha. Sisi huku Kiwangwa hatujambo, mananasi yameiva mpaka hatujui tuyapeleke wapi. Nimeamua kukuandikia kwa sababu jambo hili nikikwambia kwenye simu utanikatiza kwa maswali. Kaa kitako usome mpaka mwisho. Kesho asubuhi nafanya mtihani.

Umesoma sawasawa. Mimi mama yako, muuza matunda gengeni, kesho naanza mtihani wa maarifa, ule wa watahiniwa wa kujitegemea walioachia shule njiani kama mimi. Nikifaulu huo, naruhusiwa kwenda kufanya wa kidato cha nne.

Lawama zote ni zako. Unakumbuka ulipoingia kidato cha kwanza? Ulitoka shule ya msingi unajua kila kitu kwa Kiswahili, ukafika pale shule ya kata ukakuta yale yale yamegeuzwa Kiingereza. Ulikuwa unarudi nyumbani uso umevimba. Mimi niko jikoni nasubiri wali ukauke, wewe unanipa daftari, "Mama, nishikie, uniulize maswali." Nakuuliza, na matamshi yangu yanakuchekesha mpaka unasahau kulia. Siku moja ulikwama kwenye vile vitundu vya jani vya kupumulia, nikakujibu bila kutazama daftari. Ukanikodolea macho, "Mama, umejuaje?" Nikakwambia si ulinisomea jana. Ukasema, "Basi rudi shule." Nilikufukuza jikoni, lakini neno lile lilinikaa moyoni.

Ulipoondoka kwenda kusoma huko Iringa, nyumba ilinishinda kwa ukimya. Nikasikia pale shule yako ya kata kuna darasa la jioni la watu wazima, nikaenda. Wanatusomesha kwenye chumba kile kile cha kidato cha pili, na yale madawati yenu magoti hayaingii. Mwalimu wa hesabu ni kijana anaitwa Mwalimu Hamisi, mdogo hata kwa mjomba wako kitinda mimba. Siku ya kwanza alipoingia, sote tukasimama kwa mazoea, "Shikamoo mwalimu." Maskini, akaganda mlangoni. Ataitikiaje marahaba kwa watu walio sawa na mama yake? Akasema, "Shikamooni." Tukaitikia marahaba, tukabaki wima tunangoja atukalishe, naye anaona haya kuwaamuru wakubwa. Tulitazamana pale mpaka Bi Zuhura, yule muuza vitumbua, akasema miguu inamuuma, akakaa.

Tulicheka sana, ila adabu ile nusura ituponze. Nikienda ubaoni nikakosa, mwalimu anasema, "Umekaribia, mama." Bi Zuhura naye amekaribia. Kila mtu anakaribia. Narudi nyumbani kifua mbele, namwambia baba yako hesabu nimezimaliza. Ulipokuja mtihani wa majaribio, tulifeli darasa zima. Nililia, Rukia, sikufichi, na ilikuwa hasira kuliko huzuni. Nikasema basi, shule siendi tena.

Baba yako unamjua kwa utani. Kila akitaka chai alikuwa ananiita mwanafunzi. Siku ile hakutania. Aliniuliza tu, "Mwalimu mwenyewe umemwambia akukosoe?"

Kesho yake jioni nikarudi. Nikaitwa ubaoni, hasi mbili mara hasi tatu, nikaandika hasi sita. Akaanza, "Umekaribia, ma..." Nikamkatiza. "Hapana, mwalimu. Nimekaribia wapi? Heshima yako nimeiona na Mungu akuzidishie, lakini ukiendelea kunionea haya mimi nitafeli. Sema nimekosa."

Kijana wa watu jasho linamtoka. Akatazama chini, akasema taratibu, "Umekosa, mama. Hasi kwa hasi inazaa chanya. Rudia." Nikajaribu swali jingine, nikakosa, akaniambia tena, na safari hii alinitazama usoni. La tatu nikapata. Mwanangu, nilivyofurahi pale ubaoni, sijui kama siku ya harusi yangu nilifurahi vile. Usimwambie baba yako.

Tangu hapo shikamoo anatupa nje, barazani. Akishaingia darasani yeye ni mwalimu, kalamu nyekundu haina cha mama wala cha bibi. Majaribio ya pili sikupata alama za kutamba, lakini nilipita, na Bi Zuhura akapita.

Naogopa, Rukia. Nimerudi kutoka gengeni mapema, nimeswali alasiri, nimekaa kibarazani kukuandikia. Nikifeli wapo watakaonicheka, tena wameshaanza. Ila nimegundua kwamba hata nikifeli, darasani nitarudi, na kulijua hilo kumenituliza moyo. Kesho baba yako ndiye atakayefungua genge. Ameshaniuliza mizani inawekwaje, mtu aliyeiona kila siku miaka yote hii.

Niombee dua, hata kama barua ikifika nitakuwa nimeshaanza. Na jambo la mwisho. Huko kwenu najua mnaulizana habari za wazazi. Nimewahi kukusikia ukimwambia mwenzako kwenye simu kwamba mama hana kazi, yupo tu. Sikukasirika, kwa sababu hata mimi nilikuwa najisemea hivyo hivyo. Lakini kuanzia kesho, mtu akikuuliza mama yako anafanya nini, mwambie anasoma.

Akupendaye na kukukumbuka,
Mama yako