Vichanga Kwenye "La Sivyo"

Chumba cha juu, nyuma ya kiwanda cha magodoro
Jumapili asubuhi

Mpendwa Dada,

Hujambo? Shemeji naye, mgongo umemwachia? Kibonge ameacha kunyonya kidole? Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri na anagombana na redio kama kawaida. Mimi mwili hauna neno, ila roho imejaa kinyaa, na nisipokutapikia wewe mkunga, sijui nimtapikie nani.

Unajua programu yetu ya pale kazini ndiyo inayochapa lebo za dawa katika ile hospitali kubwa. Iliandikwa kwa masharti: kama mgonjwa ni mtoto, kipimo cha mtoto, kama ni mjamzito, cha mjamzito, la sivyo, cha mtu mzima. Ilipofunguliwa wodi ya vichanga, hakuna aliyekumbuka kuongeza sharti. Kwa mashine, kichanga si mtoto wala si mjamzito, basi akaangukia kwenye "la sivyo". Lebo ikatoka na kipimo cha mtu mzima! Muuguzi alipoona sindano inavyojaa, akakataa kuchoma. Nilipoelezwa, chai ilinishinda.

Nilishamwomba bosi wetu, tunayemwita Fasta, tutumie ulinganishaji wa ruwaza, yaani mashine ipewe orodha ya aina zote za wagonjwa, na kila aina iandikiwe kipimo chake. Swali likiwa la ndiyo au hapana, sharti linatosha. Lakini aina zikiwa nyingi, kwenye ruwaza unazitaja moja moja, na ukisahau hata moja mashine inagoma kabla programu haijamfikia mgonjwa. Akasema ni mbwembwe.

Baada ya aibu ile akakubali. Mwenzangu mmoja akaziandika, na mashine ilipogoma akaiziba mdomo kwa mstari wa mwisho: chochote kingine, mtu mzima. Dada, uchafu uleule, umevishwa shati jipya!

"Si ulitaka ruwaza?" Fasta akaniambia. "Hizo hapo."

Nikaufuta mstari ule mbele yao. Mashine ikagoma, ikataja aina iliyosahauliwa: wagonjwa wa figo. Kumbe nao siku zote walikuwa wakipewa kipimo cha mtu mwenye figo nzima.

"Urudishe huo mstari," Fasta akaniamuru. "Tunawasha leo."

"Siurudishi."

Nikatoka hadi koridoni, nikampigia mfamasia mkuu wa hospitali. Akaizima programu ya zamani papo hapo. Jioni akanipigia: wodi ya figo kuna fundi cherehani alizidiwa, wakadhani ni ugonjwa tu. Ilikuwa lebo yetu. Anapata nafuu, Mungu ashukuriwe.

Fasta alipoambiwa, unajua aliuliza nini? Kama hospitali itavunja mkataba. Hali ya mgonjwa hakuuliza.

Nimeacha kazi. Mfamasia ameniomba tuiandike programu upya, aina moja moja, na muuguzi aliyekataa ile sindano atukague. Nimekubali.

Msalimie Shemeji, mbusu Kibonge, na Shangazi mwambie nitampigia. Mungu ailinde mikono yako na kila anayezaliwa mikononi humo.

Mdogo wako, akupendaye hata akinuna